Kipa Akivua Glavu

Kitu cha kwanza ninachowafundisha vijana wangu si kudaka, ni kuanguka. Uwanja tunaofanyia mazoezi hapa Juba ni wa udongo mwekundu, na kiangazi kikikolea unakuwa mgumu kama sakafu. Kipa asiyejua kuanguka hamalizi wiki bila vidonda nyongani. Kwa hiyo tunaanza tukiwa tumekaa chini. Narusha mpira kando, kijana anaufuata na kujilaza ubavu: paja, nyonga, bega, kwa mpangilio huohuo. Kiwiko kisitangulie na tumbo lisipige chini. Akishazoea anafanya hivyo akiwa amepiga magoti, kisha akiwa amechuchumaa. Kuruka akiwa amesimama ni baadaye sana. Mzazi akipita hudhani tunacheza mchezo wa watoto.

Nimedaka miaka mingi, kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, nilikojifunza Kiswahili, halafu hapa nyumbani. Nilipostaafu, kiongozi mmoja wa timu akanijia: "Ustaz, wewe utatufaa uwe kocha wa makipa." Kama niliitaka timu nzima, hakuuliza. Ndiyo desturi. Mshambuliaji akistaafu anaitwa kocha, kiungo akistaafu anaitwa kocha. Kipa anakabidhiwa mfuko wa mipira na koni chache, anaonyeshwa pembe ya uwanja.

Sijaielewa desturi hiyo mpaka leo. Kipa anakaa dakika 90 akiutazama mchezo wote mbele yake. Anamwona beki wa kulia akichoka kabla kocha hajamwona, na kazi yake nusu ni mdomo: kupanga ukuta, kumwita aliyeachia mtu, kumtuliza aliyepaniki.

Ukinibishia nitakutajia James Siang'a. Alidakia Luo Union na Gor Mahia, akalinda lango la Kenya, kisha akawa kocha. Si kocha wa makipa, kocha wa timu. Alifundisha Harambee Stars, akavuka mpaka akaenda Simba na Taifa Stars. Mwaka 2003 Simba yake ilipangiwa Zamalek, waliokuwa wanashikilia ubingwa wa Afrika. Dar es Salaam Simba wakashinda 1-0. Cairo Zamalek nao wakajibu 1-0, ikawa penalti, na langoni mwa Simba amesimama Juma Kaseja. Simba wakapita, wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki humkumbuka Kaseja, na ni haki yake. Mimi humfikiria yule mzee kwenye benchi, aliyeyajua mwenyewe mateso ya kumsubiri mpigaji umbali wa mita 11, nyuma yako goli la mita 7.32. Siang'a alifariki mwaka 2016. Kaseja naye sasa ni kocha.

Robert Kidiaba wa Lubumbashi mnamjua, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio. Mwaka 2010 aliidakia TP Mazembe hadi fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter, klabu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Alipovua glavu alibaki Mazembe, akiwanoa makipa. Kazi ya heshima, sikatai. Pembeni ya uwanja, lakini.

Sisi Sudan Kusini bado wachanga. Timu yetu ya taifa ilicheza mara ya kwanza hapa Juba tarehe 10 Julai 2011, kesho yake ya uhuru, Tusker ya Kenya wakatufunga 3-1. FIFA wakatupokea Mei 2012. Ushindi wa kwanza wa mashindano tuliupata Septemba 2015, 1-0 dhidi ya Guinea ya Ikweta, bao la Atak Lual. Mtaani watu walimwimba Lual. Mimi nilishangilia ile sifuri.

Kazi yenyewe ya kipa haisimami mahali pamoja. Kabla ya 1992 beki aliweza kumrudishia kipa mpira kwa mguu naye akaudaka, muda ukapita. Sheria ikakataza, na kipa akalazimika kujifunza kucheza kwa miguu. Ndiyo maana vijana wangu hucheza pasi na wenzao kila siku. Kudaka nako kuna taabu yake: glavu zao, za mitumba karibu zote, ni pana kuliko viganja na raba yake imekaushwa na jua. Tunazilowesha maji kabla ya kudaka, zinashika kidogo.

Kisha Julai 2025 ikaja sheria nyingine: kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6, na marefa wengi wala hawakuhesabu. Sasa refa anainua mkono na kuzihesabu 5 za mwisho kwa vidole. Sisi mazoezini tunahesabu kwa sauti. Mdogo wao kuliko wote hafiki hata sekunde ya tatu. Anautupa upesi kwa mabeki ambao bado wamempa mgongo.

"Una muda, mwanangu," namwambia. "Wapange kwanza, ndipo utoe."

Anaona haya kuwaamrisha wakubwa. Wiki ijayo namkabidhi filimbi, awaendeshe mabeki wote mazoezi ya kona, na wanung'unike watakavyo.