Meru, mlima uliomeguka ubavu

Wapandaji wengi huufanya Mlima Meru uwanja wa mazoezi kabla ya kwenda Kilimanjaro. Kwa mtu anayependa miamba na mimea, huko ni kuukosea adabu.

Kutoka Arusha mjini unauona umekamilika. Zunguka hadi Momella, upande wa mashariki, ndipo utagundua kwamba nusu yake haipo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, kifusi kikatapakaa tambarare kuelekea Kilimanjaro. Mabonde yaliyobaki kati ya vilima vya kifusi yalijaa maji, na ndiyo maziwa ya Momella, yenye magadi na heroe. Mlimani kwenyewe zilibaki kuta za mwamba zinazokaribia mita 1,500 kwenda juu. Katikati ya pengo pakainuka kilima kipya cha majivu, maana volkeno haikuzimika: mara ya mwisho ilifoka mwaka 1910.

Majivu hayo yameneemesha mashamba ya kahawa na migomba, lakini yana floraidi nyingi inayoingia kwenye mito na chemchemi. Ndiyo maana vijiji kadhaa, Maji ya Chai kikiwemo, vina watu wenye meno ya kahawia tangu utotoni, hata wanaopiga mswaki kila siku.

Njia ya kupanda huanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi, ukiongozana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Barabara inapita katikati ya mkuyu mmoja mkubwa. Mbegu yake iliota juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka hadi ardhini, na leo imeacha uwazi wa kupita gari. Juu zaidi ni mitarakwa na mipodo, matawi yakining'iniza ndevu za kijivu zinazonywa ukungu. Kufikia kambi ya Saddle, mita 3,570, miti imekuwa vichaka vya erika. Mbele ni majivu na mawe hadi kileleni, zaidi ya mita 4,560. Miteremko ya kusini hupata pepo za baharini na mvua. Ya kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki, ni mikavu.

Kileleni huendewa usiku, kwa hiyo wengi hulipita pengo gizani. Ningekushauri utenge nusu siku kwenye kambi ya Miriakamba, uende hadi sakafu ya pengo hilo, yaani kreta, mchana.