Usifiche Kipele Chako

Katika Septemba 2023 ugonjwa wa vipele ulizuka Kamituga, mji wa wachimba zahabu katika Kivu ya Kusini. Watu walishikwa na homa, matezi yakavimba, vipele vyenye maumivu vikatoka, mara nyingi katika sehemu za siri. Wengi wao walikuwa vijana. Ugonjwa huu unaitwa mpox, nao umejulikana kwetu Kongo tangu mwaka 1970. Watu walizoea kusema: “Unatoka kwa nyama wa porini.” Je, Kamituga ilikuwa hivyo?

Waganga hawakubahatisha. Walipangusa vipele vya wagonjwa kwa pamba safi, na pamba hiyo ikapelekwa laboratwari ili virusi visomwe. Virusi ni vidudu vidogo kabisa viletavyo ugonjwa.

Labda unauliza: Kidudu kinasomwaje? Sikiliza. Ndani yake mna maandishi ya uzazi wake, herufi karibu 200,000. Kila kinapozaa, maandishi hayo hunakiliwa, na pengine kosa huingia. Je, umepata kunakili wimbo kwa mkono? Ukikosea neno, na mwenzako akinakili kwako, atalichukua kosa lako. Tukiona kosa lilelile katika daftari mbili, twajua zimetoka mahali pamoja. Ndivyo wataalamu wanavyofuata njia ya ugonjwa, toka mtu hata mtu, toka mji hata mji.

Waliona nini? Kwanza, hili lilikuwa tawi jipya la virusi, likaitwa Ib. Pili, kipande cha maandishi kilikosekana. Kipimo kimoja cha zamani kilitafuta kipande kilekile, basi hakikuweza kulitambua tawi hili. Tatu, makosa mengi yalikuwa ya namna ambayo mwili wa mtu huyatia katika virusi. Maana yake, ugonjwa ulikuwa ukipita toka mtu hata mtu, hasa kwa kulala pamoja.

Katika Julai 2024 tawi lile lilionekana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa mataifa yote. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukwisha siku ile.

Basi, fanya hivi:

1. Ukiona homa na vipele, njoo hospitali mapema. Kubali mganga apanguse kipele chako.

2. Usilale na mume au mke, wala usishikane mikono na watu, mpaka vigaga vyote vimeanguka na ngozi mpya imeota.

3. Nguo zako, shuka na wembe visitumiwe na mwingine. Anayekutunza anawe mikono kwa sabuni kila mara.

4. Chanjo iko. Ukiitwa kuipokea, usikatae.

Na wewe uliye mzima, usimcheke mgonjwa. Kamituga, kati ya wagonjwa walikuwamo wanawake wenye kuuza miili yao. Kama wote wangalijificha kwa sababu ya haya, ni nani angalilijua tawi lile? Ukimnyoshea mtu kidole kanisani, atakaa nyumbani na vipele vyake, na watoto wako watacheza na watoto wake.

Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Mlango wa hospitali u wazi. Njoo.