Leseni za programu zinazouzwa kwa kifurushi zinavyohesabiwa

KAMPUNI na ofisi nyingi hununua programu za kompyuta kwa kifurushi, yaani programu kadhaa zinazouzwa pamoja kwa bei moja na chini ya leseni moja. Hata hivyo, siku mwenye hakimiliki anapotaka ukaguzi, hesabu iliyoonekana nyepesi hugeuka kuwa ngumu. Kampuni iliyoamini kuwa imelipa kila kitu huweza kujikuta ikidaiwa, na nyingine hugundua kuwa kwa miaka kadhaa ilinunua leseni isizozihitaji.

Kimsingi, hesabu yenyewe ni ya kutoa. Upande mmoja huwekwa haki za matumizi, ambazo huthibitishwa kwa mikataba, ankara na stakabadhi za malipo. Upande wa pili huwekwa matumizi halisi, yaani programu zilizokutwa ndani ya kompyuta. Haki zikizidi, kuna ziada. Matumizi yakizidi, kuna upungufu ambao hauna budi kulipiwa.

Ugumu huanzia kwenye kifurushi. Mfano unaofahamika na wengi ni Microsoft Office, ambamo Word, Excel, PowerPoint na Outlook huuzwa pamoja. Programu ya upekuzi ikipita katika kompyuta 100 zenye kifurushi hicho, inaweza kuorodhesha programu 400. Anayehesabu kwa kufuata orodha hiyo atasema leseni 400 zinahitajika. Jibu sahihi ni 100, kwa kuwa programu zote nne zilizo katika kompyuta moja hufunikwa na leseni moja ya kifurushi.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Tuseme ofisi ina leseni 80 za kifurushi. Inaweka Word katika kompyuta 80, kisha Excel katika kompyuta nyingine 40, kwa hoja kwamba imenunua Excel 80 ambazo hazijatumika. Hoja hiyo haikubaliki. Leseni ya kifurushi hufungwa kwa kompyuta moja, wala vilivyomo havigawanywi kati ya mashine mbili. Kompyuta zenye angalau programu moja ya kifurushi ni 120, hivyo ofisi hiyo ina upungufu wa leseni 40.

Aidha, toleo la kifurushi lina uzito wake. Access, programu ya hifadhidata, haimo katika Office Standard bali imo katika Office Professional Plus. Kompyuta ikikutwa na Access, itahesabiwa kuwa inahitaji kifurushi cha daraja la juu, isipokuwa kama Access ilinunuliwa peke yake kwa leseni yake. Visio na Project nazo huwachanganya wengi. Ingawa zimewekwa katika familia ya Office, hazimo ndani ya kifurushi hicho na kila moja hudai leseni yake.

Hapo ndipo jumla kuu inapoweza kudanganya. Chukua kampuni yenye leseni 100 za Standard na 20 za Professional Plus, lakini iliyoweka Standard katika kompyuta 90 na Professional Plus katika kompyuta 30. Pande zote mbili zinatoa jumla ya 120, na mhasibu asiye makini ataridhika. Ukweli ni kwamba kuna upungufu wa leseni 10 za Professional Plus, na ziada ya 10 za Standard haiwezi kuuziba.

Katika seva, gharama huwa kubwa zaidi. Tangu toleo la mwaka 2012, SQL Server huweza kuhesabiwa kwa idadi ya viini vya prosesa, kwa kiwango cha chini cha viini vinne kwa kila prosesa. Seva yenye prosesa mbili za viini vinane huhitaji leseni za viini 16. Ndani ya bidhaa hiyo mna sehemu kama Analysis Services na Integration Services. Zikikaa katika seva ileile, hazidai nyongeza. Zikihamishiwa seva ya pili, seva hiyo nayo huhitaji leseni kamili, hata kama hifadhidata yenyewe haimo.

Zipo pia haki zenye mipaka. System Center, kwa mfano, huja na ruhusa ya kutumia SQL Server kwa ajili ya kuiendesha System Center pekee. Hifadhidata hiyo haihesabiwi kivyake. Lakini ikianza kutunza taarifa za mishahara au za wateja, msamaha huo hukoma.

Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango cha usimamizi wa programu, ISO/IEC 19770-1, mwaka 2006. Mwaka 2009 likafuata la 19770-2, linalohusu vitambulisho vya programu vinavyorahisisha kujua kilichowekwa ni kitu gani. Hata hivyo, kitambulisho hakiwezi kuchukua nafasi ya mkataba, kwa kuwa kompyuta huonyesha kilichomo, si kilicholipiwa.

Kwa sababu hiyo, hesabu salama hufuata mpangilio huu: kuzikusanya programu kwa kila kompyuta, kutambua kila moja imetoka katika kifurushi na toleo gani, kuondoa zile zenye haki zenye mipaka, kisha kulinganisha na stakabadhi, toleo kwa toleo. Ofisi inayofanya hivyo kila mwaka haina haja ya kumsubiri mkaguzi ndipo ijue deni lake.