Ki-67: Nambari inayowatia wengi kiwewe

JE, umewahi kukabidhiwa bahasha ya maabara ukaifungua mle mle ndani ya matatu, hata kabla ya kumwona daktari? Wengi hufanya hivyo, na si vigumu kuelewa ni kwa nini. Basi ikiwa ripoti hiyo yahusu uvimbe wa titi la mama, dada au shangazi, huenda karibu na mwisho wake ukakuta mstari mmoja mfupi: Ki-67, asilimia 30. Maelezo mengine hakuna.

Hapo ndipo hesabu za nyumbani huanza. Mmoja atasema kansa imekwisha kula theluthi ya mwili. Mwingine atasema mgonjwa amebakiwa na nafasi 30 kwa 100 za kupona. Wa tatu ataanza kuwapigia simu jamaa wa mashambani waje wamwone mapema. La hasha! Nambari hiyo haisemi lolote kati ya hayo.

Mpenzi msomaji, mwili wako umejengwa kwa chembechembe ndogo ziitwazo seli. Nyingi zimetulia, zinafanya kazi yake bila kujigawa. Nyingine zimo mbioni kugawanyika: za mizizi ya nywele, za utando wa matumbo, za uboho ndani ya mifupa. Seli iliyo katika safari hiyo ya kugawanyika huwa na protini fulani katika kiini chake. Ikishatulia, protini hiyo hutoweka. Protini yenyewe ndiyo Ki-67. Utaona basi kwamba kuwa nayo si ugonjwa. Hata mtoto mchanga mwenye afya tele anayo.

Jina hili la ajabu limetoka wapi? Katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, Johannes Gerdes na wenzake waliwadunga panya viini vya seli za kansa ya tezi iitwayo Hodgkin. Mwili wa panya, kama wako, ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, na kila aina ya kingamwili hushika kitu chake kimoja, mithili ya ufunguo na kufuli yake. Wanasayansi hao walitumia mbinu iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1975 na Georges Köhler na César Milstein: seli za wengu wa panya huunganishwa na seli za kansa ya panya zisizokoma kuzaana, na seli chotara inayopatikana huendelea kutoa kingamwili ya aina moja tu. (Mbinu hiyo iliwapatia wawili hao Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984.)

Seli hizo chotara zilikuzwa katika sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Iliyowavutia watafiti ilikuwa nambari 67. Ki ni Kiel, na 67 ni nambari hiyo. Ingalitokea kwa jirani yake, leo daktari angekuwa akikueleza habari za Ki-68! Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1983, na protini ikarithi jina la kingamwili iliyoifichua.

Lakini kingamwili hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro. Ilihitaji nyama mbichi iliyogandishwa kwenye barafu, ilhali hospitali nyingi huhifadhi vipande vya nyama kwa dawa ya formalini kisha kwa nta. Mapema katika miaka ya 1990 ndipo ilipopatikana kingamwili nyingine ya protini iyo hiyo, MIB-1, pamoja na ujanja wa kuchemsha vipande hivyo katika oveni ya maikrowevu ili protini iliyofichwa na formalini ijitokeze. Naam, oveni kama ile ya kupashia chakula moto.

Siku hizi kazi huenda hivi. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili pamoja na rangi. Seli zenye Ki-67 hugeuka kahawia, zisizo nayo hubaki buluu. Mtaalamu huzitazama kwa hadubini na kuhesabu, ikiwezekana seli 500 au zaidi. Asilimia 30 maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za kansa zilizohesabiwa, 30 zilikuwa katika safari ya kugawanyika. Basi.

Sasa, 30 ni nyingi au ni kidogo? Kwa kansa ya titi ya mapema, inayochochewa na homoni na isiyo na HER2 kwa wingi, jopo la kimataifa la wataalamu lilikubaliana mwaka wa 2021 kwamba asilimia 5 kushuka chini ni kiwango kidogo, na 30 kwenda juu ni kikubwa. Katikati hapo, maabara mbili zaweza kutofautiana kuhusu uvimbe ule ule. Kwa hiyo ukipewa 18 huku na 23 kule, usidhani ugonjwa umepiga mbio baina ya hospitali mbili. Isitoshe, nyama ikicheleweshwa kutiwa formalini, hesabu yaweza kuharibika. Ni haki yako kuuliza ilihifadhiwa vipi.

Na nambari kubwa si hukumu ya kifo. Hebu fikiria uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka wa 1958, na ambao madaktari wa magharibi mwa Kenya wanaufahamu sana. Ki-67 yake hukaribia asilimia 100. Hata hivyo, ni miongoni mwa kansa zinazosikia dawa vyema zaidi zikianza kutibiwa mapema, kwa kuwa dawa nyingi za kemotherapia hushambulia hasa seli zinazogawanyika. Ndiyo sababu nywele nazo hudondoka.

Ukiirudia ile ripoti ya titi, tazama pia mistari ya ER, PR na HER2, maana hiyo ndiyo humwelekeza daktari kuhusu dawa. Ama ugonjwa umeenea umbali gani, kingamwili ya Kiel haiwezi kukuambia. Hilo hujulikana kwa ukubwa wa uvimbe, kwa tezi za kwapani na kwa picha za skani.