Lori Kuukuu Lililoinuliwa: Usukani Kwanza, Kimo Baadaye

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zipatazo mvua nyingi kupita nyingine. Katika baadhi ya maeneo yake mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na msimu wake mkubwa huanza Novemba hadi Mei. Mvua hiyo ndiyo neema ya chai, ndizi, kahawa na viazi. Lakini ndiyo pia ichimbayo makorongo katika barabara za vijijini, toka Isongole hadi Masoko na Mwakaleli. Nayo majani mabichi ya chai hayangoji: yakirundikana kwa muda mrefu hupata joto na kuharibika, hivyo hupaswa kufika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa.

Ndiyo sababu vyama na watu binafsi wenye malori ya zamani huamua kuyainua, ili tumbo la gari lisikwame katika tuta la katikati ya njia. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, gari linapoinuliwa, kinachobadilika si kimo peke yake. Usukani, breki na uthabiti wa gari katika kona hubadilika pia. Ni vema makatibu na wanachama wayafahamu mambo haya kabla fedha ya chama haijatolewa.

Njia za kuinua na hasara zake

Malori mengi ya zamani, kama vile Bedford na Isuzu, pamoja na Land Rover za miaka ile, yana ekseli ngumu ya mbele inayobebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Njia zitumiwazo sana kuyainua ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuongeza vyuma katika springi. Gari huinuka, lakini springi huwa ngumu kupita kiasi. Lori likiwa tupu magurudumu yake hurukaruka, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kuliongoza gari wala kulisimamisha. Isitoshe, mshtuko ambao springi imeshindwa kuumeza huhamia katika chasisi, na nyufa huanza kujitokeza karibu na mahali springi zilipofungwa.

Njia ya pili ni kuweka vipande vya chuma au mbao kati ya springi na ekseli. Kwa ekseli ya mbele njia hii isitumiwe kabisa. Breki zinapofungwa kwa nguvu ekseli hujaribu kujizungusha, na kipande hicho chaweza kulegea au kuchomoka.

Njia ya tatu ni kurefusha kile kiungo kinachobembea kwenye ncha ya springi. Kazi hii ni nyepesi na gharama yake ni ndogo, lakini huilaza springi upande mmoja na kuupotosha mkao wa ekseli nzima.

Kwa nini usukani huharibika

Kingipini, ambayo gurudumu la mbele hugeukia juu yake, haikusimama wima. Kichwa chake kimeegemea nyuma kidogo, kama ulivyoegemea uma wa mbele wa baiskeli. Mwegemeo huo ndio unaolirudisha gurudumu kwenye mstari dereva anapolegeza mikono. Ukipungua, gari hutangatanga barabarani na dereva hulazimika kulisahihisha kila wakati. Dawa yake ni kabari ya chuma yenye pembe iliyopimwa, iwekwayo kati ya springi na ekseli na kushikwa na boliti ya kati ya springi. Kabari isikatwe kwa kukisia.

Jambo la pili ni ile fimbo itokayo kwenye boksi ya usukani kwenda gurudumuni. Boksi imefungwa kwenye chasisi, nayo chasisi imeinuka. Gurudumu limebaki chini. Fimbo iliyokuwa karibu kulala sasa imeinama sana. Kila springi inapobonyea shimoni, fimbo hiyo hulisukuma au kulivuta gurudumu, na gari hugeuka ingawa dereva hakuuzungusha usukani. Sharti fimbo irudishwe katika mlalo wake wa awali kwa kutumia mkono wa usukani uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuikunja fimbo, kuikata au kuiunga kwa kuchomelea ni hatari, kwani ikivunjika dereva hana tena njia ya kuliongoza gari.

Kimo na kona

Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hali Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Lori litokalo Tukuyu kuelekea Kyela huteremka karibu mita 1,000, tena kwa njia yenye kona. Hapo ndipo kimo hudai malipo yake.

Tuchukue mfano. Lori lina upana wa sentimita 180 toka gurudumu hadi gurudumu, na kitovu cha uzito wake na wa mzigo kiko sentimita 150 toka ardhini. Likiinuliwa sentimita 15, kitovu hicho hufika sentimita 165, na uwezo wa gari kustahimili kupinduka hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi na moja. Mikungu ya ndizi ikirundikwa juu ya kingo za bodi, upungufu huo huongezeka. Kwa hiyo lori lililoinuliwa halistahili kuendeshwa katika kona kwa mwendo lililouzoea zamani.

Utaratibu unaofaa

1. Usukani ukaguliwe kwanza. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki na ekseli iegemezwe juu ya kitu imara. Gurudumu likicheza linapotikiswa juu na chini, kingipini au beringi imekwisha. Likicheza linapotikiswa kushoto na kulia, vichwa vya tairodi vitazamwe. Kazi isiendelee kabla vifaa hivyo havijabadilishwa.

2. Springi zirejeshwe katika hali yake. Mara nyingi lori kuukuu halihitaji kuinuliwa. Limeshuka tu kwa sababu springi zimelala. Springi mpya, au zilizopindwa upya na karakana yenye ujuzi wa kuupa chuma moto na kuupoza, huweza kurudisha kimo kilichopotea. Bushi na pini zibadilishwe pamoja nazo. Chuma cha springi kilichovunjika kisichomelewe. Yubolti ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

3. Ndipo kimo kipimwe. Ikiwa bado hakitoshi, nyongeza iwe ndogo kadiri iwezekanavyo.

4. Vifaa vinavyofuata kimo virekebishwe. Shokapu ziwe na urefu unaofaa, mipira ya breki isivutike gurudumu linaponing'inia, na propela shafti isipinde kupita kiasi, kwani viungo vyake vya msalaba vitakwisha upesi. Taa nazo zishushwe, zisiwapofushe wengine.

5. Mwishoni magurudumu ya mbele yapangwe kwa vipimo vya kitabu cha gari. Kisha gari lijaribiwe likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo, kwa mwendo wa polepole.

Wajibu wa katibu na bodi

Katibu si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Lakini aweza kudai orodha ya kazi kwa maandishi kabla ya malipo, na kuvitaka vifaa vilivyotolewa vionyeshwe kwa bodi. Tarehe, kimo cha gari kabla na baada ya kazi, na kila kifaa kilichobadilishwa viandikwe katika daftari la gari. Kampuni ya bima ijulishwe juu ya badiliko hilo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na hasara ya ajali hulipwa kwa jasho la wanachama wote.

Dereva na utingo wake wasikilizwe pia. Wao ndio wa kwanza kuhisi usukani ukivuta upande mmoja. Taarifa yao iandikwe siku ile ile, si baada ya msimu. Abiria wasiruhusiwe kupanda juu ya mzigo.

Mwisho, kabla ya kuidhinisha matumizi, bodi iitazame barabara yenyewe. Pengine sehemu inayolikwamisha lori ni hatua mia moja tu za njia. Wanachama wakichimba mifereji ya kuondoa maji na kushindilia kokoto mahali hapo kabla ya Novemba, huenda lori likapita salama kwa kimo chake cha asili, na fedha iliyotengwa kuliinua ikatumika kununua kingipini, tairodi na springi ambazo gari lilizihitaji tangu mwanzo.