Mbio za Kilomita 21 (3): Mwendo wa kundi ni mwendo wa nani?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza habari ya viatu na ratiba ya majuma ya mazoezi. Tangu hapo wasomaji kadhaa wameuliza jambo moja kwa maneno tofauti: tuko kundi la marafiki, tunajiandaa kwenda Moshi kukimbia nusu marathoni, wengine wetu wepesi na wengine wazito, tutakimbiaje pamoja bila kumchelewesha huyu wala kumuumiza yule? Swali hili linastahili sehemu nzima. Wengi wanaokimbia umbali huu nchini siku hizi hawafuati zawadi ya mshindi. Wanakwenda na wenzao wa kazini, wa kanisani au wa mtaani, wamevaa fulana za rangi moja, na wanataka kumaliza wote wakiwa wazima.

Tuanze na dhana inayopotosha wengi. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, huku wakimbiaji 41 wakipokezana kumzunguka. Kazi yao mojawapo kubwa ilikuwa kumkinga na upepo, na kinga hiyo ilikuwa na maana kwa sababu alikuwa akienda zaidi ya kilomita 21 kwa saa. Kani ya hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Marafiki wanaokwenda kilomita 8 au 9 kwa saa wanazuiwa na hewa kwa kiasi kisichofika hata moja ya tano ya kile alichokabili Kipchoge. Kujibanza nyuma ya mgongo wa mwenzako hakutakusaidia kitu. Faida ya kundi kwa mkimbiaji wa kawaida iko kwingine kabisa: kundi linaweza kukuzuia usiende kasi mno.

Hesabu ya nishati inaonyesha kwa nini kizuizi hicho kina thamani. Mtu akikimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 70 atahitaji karibu kilokalori 1,500 kumaliza kilomita 21. Akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, yaani glaikojeni, ni kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu aliyekula vizuri, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,000. Ukiitazama kwenye karatasi, inatosha. Lakini glaikojeni iliyo kwenye misuli ya mikono haiwezi kuhamishiwa miguuni. Kila msuli unatumia ya kwake. Kinachookoa ni mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele. Mwendo wa wastani huchoma mafuta na wanga kwa pamoja, ilhali mwendo wa kasi huegemea zaidi wanga. Aliyechomoka kwa nguvu mwanzoni, akisukumwa na muziki na makelele ya uwanjani, ametumia kwa dakika chache akiba ambayo ingembeba kilomita za mwisho. Ikifika kilomita ya 16 au 17 miguu inagoma, na hapo maneno ya kutiwa moyo hayamrudishii kitu.

Basi kundi litajuaje kwamba linakwenda kasi mno? Saa za mkononi zinasaidia, lakini kipo kipimo ambacho Watanzania wengi tulikipata bure shuleni: mchakamchaka. Waliopita shule za msingi au JKT wanakumbuka kukimbia alfajiri kwa mistari, mmoja akiimbisha na wengine wakiitikia. Tulidhani nyimbo zile ni za kuchangamsha tu. Ukizitazama kwa jicho la fiziolojia, zilikuwa kipimo sahihi sana cha mwendo. Kuimba, kama kuongea, ni kutoa pumzi kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mwili ukiwa unafanya kazi ya kadiri, pumzi inaruhusu hilo. Kasi ikizidi kiwango fulani, misuli inazalisha asidi kwa haraka kuliko inavyoondolewa. Damu inaipunguza makali kwa kutumia baikaboneti, na matokeo yake ni hewa ya ukaa ya ziada ambayo lazima itoke kupitia mapafu. Unaanza kuhema. Huwezi tena kushikilia pumzi ya sentensi nzima, na maneno yanakatika mawili mawili. Mwimbishaji mwenye sikio zuri aliposikia kiitikio kinafifia kwenye mistari ya nyuma alipunguza mwendo, bila saa na bila kumwaibisha mtu.

Katika kundi ninalokimbia nalo Dar es Salaam, kazi hiyo anaifanya dada mmoja ambaye ni muuguzi. Tukianza kupanda vilima vya Pugu anamgeukia aliye nyuma kabisa na kumuuliza, "Kaka, jana mlikula nini nyumbani?" Ukimjibu "wali" hajaridhika. Anataka uanze na nani alipika, mboga ilikuwa ipi, nazi ilitosha au haikutosha. Ukishindwa kufika kwenye mboga bila kuhema, kundi zima linashuka mwendo, hata kama walio mbele wana nguvu. Nimeona vijana wakikereka mwanzoni, kisha baada ya majuma machache wao ndio wanaouliza. Mimi naamini mazoezi marefu ya kundi yafuate mwendo wa aliye polepole kuliko wote, kila mara, bila kujadiliana. Anayetaka kasi ana siku nyingine za juma za kukimbia peke yake, na mwili wake hautapoteza chochote kwa kwenda taratibu mara moja, maana mwendo huo wa maongezi ndio unaojenga moyo na mishipa midogo ya damu.

Nimetaja Pugu kwa makusudi. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon akiwa Dar es Salaam, akafanya mazoezi yake yote Coco Beach na Daraja la Tanzanite, atafika Moshi hajajiandaa kwa njia yenyewe. Nusu marathoni ya huko inatoka Chuo Kikuu cha Ushirika na kuelekea mlimani upande wa Mweka, ikipita kwenye migomba na mibuni, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni kupanda. Si mlima mkali. Ni mwinuko mrefu unaokula nguvu kimyakimya. Hapo sahau dakika kwa kilomita. Mwendo uleule wa saa unaokufaa kwenye tambarare ni mzito mno huku, kwa hiyo rudini kwenye mchakamchaka: mnaongea au hamwongei? Mkipanda hadi hatua zinakuwa fupi kama za kutembea, tembeeni pamoja kwa dakika moja, kisha mkimbie tena.

Wengi wanaogopa kupanda, lakini kinachowaumiza zaidi ni kushuka. Mguu unapotua kwenye mteremko, msuli wa mbele ya paja unavutwa urefuke wakati huohuo unapojikaza kuzuia mwili usianguke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo za msuli, na maumivu huja kesho yake au keshokutwa, mtu akishindwa kushuka ngazi. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Ukishuka mteremko mara moja tu kwa kiasi, majuma mawili matatu kabla ya mbio, mapaja yanakuwa na kinga ya muda kwa safari ifuatayo. Kundi likipanga siku ya mlima, lisipande gari wakati wa kurudi.

Kuna jambo la uzito zaidi, nalo ni joto. Mtanzania Fabiano Joseph alipotwaa dhahabu ya dunia ya nusu marathoni mjini Edmonton, Canada, mwaka 2005, alitumia saa moja na dakika moja hivi. Rafiki zako watakaa barabarani zaidi ya mara mbili ya muda huo, na mbio za Moshi hufanyika katika majira ya joto kali. Mwanzo wa hatari mara nyingi huonekana kwenye mazungumzo: mtu anajibu jambo ambalo hakuulizwa, anakasirika bila sababu, anayumba, anahisi baridi juani. Mtu wa kando atadhani ni uchovu. Wewe unayeijua sauti yake utagundua. Asimame mara moja, awekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, na wahudumu wa afya waitwe. Kumpoza kusisubiri gari. Wakati huohuo msilazimishane kunywa maji kila kituo. Maji yakizidi hupunguza mno chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Kiu iwaongoze.

Yabaki makubaliano, nayo yafanywe nyumbani, watu wamekaa na chai, maana kwenye kilomita ya 14 hakuna anayefikiri sawasawa. Kundi letu tumeamua hivi: tunapanda sote pamoja hadi juu. Kuanzia hapo aliye na nguvu yuko huru kwenda, na asijione msaliti. Lakini hakuna anayeshuka peke yake. Kila mmoja ana mwenzake aliyetajwa kwa jina kabla ya siku ile, na wa mwisho kabisa anakuwa na mtu mzoefu ambaye siku hiyo hatazami saa yake hata kidogo. Mzoefu huyo achaguliwe mapema, aulizwe mbele ya wote, na akubali kwa moyo mmoja. Akisitasita, mtafuteni mwingine.

Juma lijalo tutaeleza chakula cha siku tatu za mwisho, na kiasi cha wali, ndizi na ugali kinachojaza akiba ya glaikojeni bila kulilemea tumbo asubuhi ya mbio.