Malighafi ya Sanaa (2): Sanamu za Chokoleti Kutoka Lusanga

Juma lililopita tulikuwa na mpingo. Leo nakuja na kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa mali ya mchongaji: chokoleti.

Mapema mwaka 2017, ukumbi wa SculptureCenter ulioko Queens, New York, ulionyesha sanamu za kikundi kiitwacho Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, kwa ufupi CATPC. Wanachama wake ni watu wa mashamba ya Lusanga na vitongoji vyake, katika jimbo la Kwilu, magharibi mwa Kongo. Katika onyesho la namna hii pua hutangulia macho: harufu inakupokea kabla hujaona lolote. Kisha unakutana na watu wa rangi ya kahawia iliyokoza. Mbuku Kimpala kajifinyanga mwenyewe akiwa hana nguo. Jérémie Mabiala na Djonga Bismar wamemfinyanga mkusanyaji wa kazi za sanaa. Cedrick Tamasala anasimulia jinsi babu yake alivyosalimika. Ukisogea karibu, juu ya ngozi ya chokoleti unaona mikwaruzo na mibonyeo ya vidole.

Vidole hivyo havikugusa chokoleti. Sanamu zilifinyangwa Lusanga kwa udongo wa mtoni, zikapigwa picha za kompyuta kutoka kila upande, na picha hizo ndizo zilizosafiri hadi Amsterdam. Huko umbo likachapishwa upya, kalibu ikatengenezwa, chokoleti ikamiminwa. Udongo wenyewe ulibaki nyumbani.

Si kazi nyepesi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya lile la mwili wa binadamu, ndiyo maana kipande kinalainika mara tu kinapogusa ulimi. Anayemimina sanamu hana budi kuipasha chokoleti, kuipoza, kisha kuipasha tena kidogo kwa kipimo, ili mafuta yagande kwa mpangilio imara. Akikosea, au ukumbi ukipata joto, utando mweupe unaota juu ya sanamu. Wageni hudhani ni ukungu, kumbe mara nyingi ni mafuta yenyewe yaliyopanda juu na kuganda upya.

Wasanii wa Ulaya na Marekani walianza zamani kucheza na udhaifu huo. Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya Venice, Ed Ruscha alifunika kuta za chumba kizima kwa karatasi 360 zilizochapwa chokoleti. Joto la kiangazi likafanya yake, sisimizi wakaja, na wageni wakachora kwa vidole maneno ya kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1992 Janine Antoni alilitafuna kwa meno yake bonge la chokoleti la zaidi ya kilo 270, na alichokitema akakifanya visanduku vya umbo la moyo, kama vile wapenzi wanavyopeana. Kazi za werevu, na ile ya Antoni naipenda hasa. Lakini zote mbili zinaichukua chokoleti ilipokwisha kufika dukani. Mkulima wa Kyela, wa Bundibugyo au wa Beni, anayepasua maganda, akavundika mbegu na kuzianika juani, akiingia katika vyumba hivyo hatajiona popote.

Lusanga ndipo hesabu inapobadilika. Mji huo zamani uliitwa Leverville, kwa jina la William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Mawese yakawa sabuni, sabuni ikawa fedha, na huku nyuma watu walisukumwa kukata mikungu kwa kodi na kwa nguvu. Mwaka 1922 Lever alifungua jumba la sanaa karibu na Liverpool, lenye jina la marehemu mkewe, na watu wanalitembelea hadi leo. Kampuni iliyorithi mali yake, Unilever, ndiyo iliyodhamini kazi kubwa za ukumbi wa Tate Modern, London, kuanzia mwaka 2000 hadi 2012. Kwa hiyo shamba lilikuwa likilisha makumbusho tangu hapo, ila jina la mvunaji halikuwahi kubandikwa ukutani.

CATPC wameigeuza njia hiyo. Fedha za mauzo ya sanamu wamenunulia ardhi, ambayo kufikia mwaka 2024 ilikuwa takriban hekta 200. Pale palipokuwa na michikichi pekee, wanapanda mazao ya chakula na miti ya aina mbalimbali. Anayewaongoza ni René Ngongo, mtu wa mazingira aliyekwisha kupigania misitu ya Kongo kwa miaka mingi.

Wapo wanaolalamika kwamba mlango ulifunguliwa na Mholanzi, Renzo Martens, yule wa filamu ya mwaka 2008 iliyochokoza wengi kwa kudai umaskini wenyewe ni bidhaa. Lalamiko lina uzito. Kwa muda mrefu waandishi wa Ulaya walimwandika yeye zaidi kuliko wafinyanzi. Hata hivyo siamini kwamba dawa yake ni kuzikataa sanamu, maana hati za mashamba ziko mikononi mwa watu wa Lusanga.

Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa CATPC jumba lake kwenye maonyesho ya Venice. Wakati huohuo, Lusanga kwenyewe, katika jengo jeupe la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2017, ilirudi kwa mkopo sanamu ya mti ya Maximilien Balot, ofisa wa Kibelgiji aliyeuawa mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende walipoasi. Waliichonga ili roho yake wapate kuitawala. Leo mwenye nayo ni makumbusho ya Richmond, Virginia. Wageni wa Venice waliitazama kwenye skrini tu. Waliotaka kuiona kwa macho iliwabidi wafunge safari hadi Kwilu.

Juma lijalo: sukari.